Umeniweka Kijiji Gani?

Kambini, Kibondo
3 Machi 2017

Mama Domisiana,

Shikamoo mama. Hamjambo huko Mbuba? Mimi mzima, malaria imenisahau.

Hadithi yangu imetoka mtandaoni! Mjukuu wako Teddy akusomee kwenye simu yake. Ni ile miezi uliyoniuguza kwako nilipovuka mpaka kutoka Burundi. Ndiyo shukrani yangu kwako.

Mwanao,
Clarisse

Mbuba
9 Machi 2017

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mvua inatosha. Teddy anaandika, mimi nasema.

Nimelia, hadithi tamu. Lakini umeniweka kijiji gani? Nakaa jangwani, naitwa “mwanamke mmoja,” na mbuzi wangu amekuwa ngamia! Ulipofika kwangu si ulikuta migomba hadi mlangoni, na ndizi na maharage chunguni? Nimeumia kidogo.

Mamako

Kambini
12 Machi 2017

Mama,

Shikamoo. Pole, nisamehe. Niliogopa. Nikiitaja Mbuba, si watauliza nani alikaa na mkimbizi bila kibali? Mhariri anasema bado naweza kurekebisha. Lakini wakikuita ofisini je?

Mwanao,
Clarisse

Mbuba
15 Machi 2017

Mwanangu,

Marahaba. Wewe Mrundi, unajua. Mtu akishukuru huja na pombe ya ndizi, majirani wakakaa, akasimama akamtaja aliyemtendea wema. Bila jina, watu watajuaje kwamba ni mimi? Andika Mbuba. Wakiniita nitaenda, miguu ninayo.

Mamako

Mbuba
2 Mei 2017

Mwanangu Clarisse,

Habari za huko? Sisi tunamshukuru Mungu. Hadithi uliyoirekebisha tumeisoma, na sasa nimo mimi mwenyewe! Asante, mwanangu, asante sana.

Mwenyekiti wa kijiji aliniita kweli. Akauliza kama ni kweli, nikasema kweli tupu. Akanionya nisirudie, kisha akamwomba Teddy amtumie na yeye hadithi.

Shida ni jirani yangu Deodata. Alikuja amenuna: mwaka 1994 aliwapa Wanyarwanda nyumba yake, familia nzima, yeye na wanawe wakalala jikoni. Mbona niandikwe mimi peke yangu? Nikamcheka. Kumbe analia. Anasema tangu waondoke hakuna mtu aliyewahi kumwambia asante.

Nimemwambia nina binti anayejua kuandika. Deodata yuko hapa kando yangu, amejifunga kitenge cha kanisani, anangoja uanze kumuuliza.

Mamako,
Domisiana