Majina ya Darasa la Alasiri

Sericho, Oktoba 1984

Kaka Jaldesa, hedimasta mtarajiwa,

Salaam aleikum. Mama hajambo, ila ng'ombe wamebaki wawili na punda ananiringia.

Huo utafiti wa vitendo mnaofundishwa chuoni kumbe ni kazi ndogo. Ulisema asubuhi watoto wananywesha mifugo, basi tujaribu masomo ya alasiri, na mimi niandike majina ya wanaokuja. Mimi niliyeishia darasa la sita nimekushinda: mwanzo walikuja wanane, sasa wengine wanasimama dirishani. Mwalimu Kiragu ananiita profesa.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba umefaulu. Si alasiri yako iliyowaleta. Kina mama waliniona na kalamu, na mwaka huu wa njaa anayeandika majina ni mtu wa unga wa msaada. Nikisema ni ya shule tu, wananicheka: "Wewe Elema, unatuficha." Wanatuma watoto kutoka mbali, tumbo tupu.

Jumatatu Gumato, binti wa jirani yetu Duba, alifika, akalalia dawati. Hakuamka. Tulimzika kabla ya magharibi.

Jana mama yake alikuja. "Usifute jina lake, mwanangu. Wadogo zake watakula hilo fungu."

Sikulifuta. Na kuandika naendelea, maana nikiacha watajua hakuna unga unaokuja. Wewe uko karibu na wakubwa. Waombe walete.

Mdogo wako anayekuzidi akili,
Elema