Kitu Kilichopita Gare Bila Ruhusa

Fortunée, acha kutwanga sombe kwanza, usome.

Kile kitu cheupe chenye Kindu nzima iliona juzi juu ya muto Lualaba, leo mukubwa mumoja wa serikali amekuja hapa gare ya treni kusema eti ni balo, puto kubwa ya kupima mvua. Balo, Fortunée.

Akamwambia Papa Ntumba, shefu wa gare, afute mustari wake kwenye buku ya treni, ao apoteze kazi. Papa alikuwa ameandika: "Saa kumi na moja, kimepita bila ruhusa."

Papa akamujibu pole pole: "Muheshimiwa, wakati wa vita mulisema mabombe ni ngurumo. Ile pia niliandika humu. Kama balo ni yenu, tia saini hapa, kosa la kupita bila ruhusa njo lenu." Akamupa kalamu.

Mukubwa akarudisha kalamu. "Andika: 'Mwenye kile kitu hajulikani.'"