Nywele Zilizozikwa Mtinko Hazikuwa za Helena

Dada yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza barua bila shikamoo unaweza kuinuka huko uliko uje kunipiga kofi. Kalamu ni ya mwanao Helena. Darasa langu la nne unalijua, basi mistari ikipanda mlima usinicheke.

Unamkumbuka yule fisi niliyemfukuza zizini kwa ndala moja? Nikiwasimulia wageni, walikuwa fisi wanne. Wewe ukiwa jikoni, unasonga ugali, unasema bila hata kugeuka, "Punguza, Yohana." Nashuka mpaka watatu. "Punguza." Hivyo hivyo mpaka anabaki fisi mmoja, tena mgonjwa. Tangu uondoke, fisi wangu wamefika saba na hakuna wa kunishusha. Watu wanacheka tu. Inaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Lipo jambo moja ambalo sijawahi kujisifia, na si kwamba halistahili. Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wako wa kwanza wa kusuka. Wewe kwenye kigoda, msichana wa watu katikati ya magoti yako, mimi pembeni nimeshika kitana na nyuzi tulizofumua kwenye gunia. Wavulana wenzangu wakipita najifanya natafuta sindano iliyopotea. Ulinifundisha kile kifundo chako cha kufungia ncha, unazungusha, unapitisha chini, unakaza kwa jino. "Kifundo kikilegea, Yohana, kichwa kizima kimeharibika." Vidole vyangu havijasahau.

Ndiyo maana ulipokuwa kitandani uliniita mimi, hukumwita mwingine. Ulisema, "Huyu mtoto ana mikono. Asije akazeeka anapura alizeti za watu. Mtafutie kwa wasusi mjini." Nikamtafutia. Nilimpeleka Helena Singida kwa Mama Zuhura, kwenye saluni ile ya karibu na stendi. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, maduka pale yanaota kama uyoga, na huyu mama ana kikaushio kinachofanana na kofia ya askari wa vita. Nikamwambia mimi mwenyewe nimesuka wake za mawaziri. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, unaomba kazi wewe au binti?"

"Binti, mama. Mimi nimestaafu."

Akacheka, akamchukua kwa majaribio. Helena akawa wa kuchota maji, kuosha vichwa, kupokeza rola na kufagia. Wateja wakiwekwa dawa ya kulainisha, yeye haangalii saa, anaangalia uso. Akiona mtu anaanza kukunja uso tu kwa dawa kuchoma, keshamvuta kwenye beseni. Habari hizo nilikuletea kitandani, nawe ukatabasamu. Hukusema "punguza." Nadhani ulijua zile hazikuwa na nyongeza.

Lakini kuna moja sikukuletea. Mama Zuhura alizishika zile nywele za Helena, zile ulizomsuka wewe ukiwa umeegemea mto, akamwambia, "Kichwa chako ndicho kibao changu. Watu wataingia kwa kukiona hicho. Usikiguse."

Halafu ukatuachia msiba.

Kwetu Mtinko unapajua. Wafiwa wananyolewa, na wembe wa mtoto wa dada anaushika mjomba. Mama Zuhura alikuja kuhani, akanivuta kando ya kihenge, akasema kwa upole kabisa, "Baba, mila zenu naziheshimu. Ila msusi mwenye kipara siwezi kumweka dirishani. Akinyolewa nitamchukua mwingine." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Asubuhi ya kunyoa, Helena aliingia ndani akapiga magoti mbele yangu. "Mjomba, ninyoe. Nisiponyolewa watasema simlilii mama." Nikachovya wembe majini. Nikakiona kifundo chako cha mwisho, pale kisogoni. Dada, nikalikumbuka neno lako la kitandani.

Nikageuza wembe nikajinyoa mimi. Kunyolewa ilikuwa zamu yangu pia, na nywele zangu si unazijua, kule stesheni ya Itigi treni ilikuwa inapunguza mwendo kuzitazama. Nikazigawa mafungu mawili kwenye ungo, moja langu, jingine liitwe la Helena. Kwa Helena nilikata suko moja tu la kisogoni, nikamfunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi. Nikatoka na ungo.

Shangazi yake, wifi yako yule asiyecheka, akachambua kwa kidole.

"Shemeji, mbona nywele za mtoto zina mvi?"

"Ni huzuni, shemeji. Huzuni inazeesha."

"Na hii rangi ya piko je? Huzuni inapaka piko?"

Akanitazama, akayatazama mafungu, kisha akayatia yote shimoni akafukia. Akasema, "Siku ya kumaliza msiba nitakuja kumfungua kitambaa kwa mkono wangu, nimpake mafuta kichwani."

Siku hiyo sasa ni keshokutwa.

Mama Zuhura amempa Helena kiti cha dirishani. Juzi kamsuka mteja wake wa kwanza, bibi harusi wa mjini, akaja nyumbani mikono inanukia mafuta. Nilitaka kupiga vigelegele. Yeye akakaa kizingitini, akauliza, "Mjomba, mama atakuwa ameona tulichofanya?" Mimi ninayejua jibu la kila kitu nilikwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa salama kabisa.

Nimewaza sana, dada. Nikinyamaza, shemeji atamvua mtoto kitambaa mbele ya ukoo, na aibu yote itamwagikia Helena, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa kukulilia. Kwa hiyo nimeamua. Shemeji akinyoosha mkono tu, nitasimama na hiki kipara changu, niseme aliyeushika wembe ni nani na nywele zilizozikwa ni za nani. Nitasema neno lako la kitandani. Nitasema bila fisi hata mmoja. Ninachoogopa ni kwamba siku nitakayosema kweli tupu, ndiyo siku hakuna atakayeniamini.

Lile suko moja nililifukia kaburini kwako, upande wa kichwa, nimelifunga ncha zote mbili kwa kifundo chako, nikakaza kwa jino. Kama una hasira, niulize mimi, mikono ya mtoto iache. Na kama huna, basi keshokutwa nikisimama pale sauti ikakataa kutoka, nisemeshe kidogo kutoka jikoni kama zamani. Hata ukisema "punguza" tu, nitajua upo.

Lala salama, dada.

Mdogo wako, mshika nyuzi.