Dawa ya Malale Imefika Rungwa

Kijiji cha Rungwa,
Kupitia Itigi, Singida.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Chediel,

Shikamoo. Habari za Tanga? Wifi Ritha na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Sisi huku ni wazima, na safari hii neno hilo naliandika kwa shukrani. Kwenye simu ningelia, nawe ungedhani mtandao umegoma.

Asali mwaka huu imekubali. Juzi nachuja masega, harufu ikanirudisha kule porini, kwenye kambi ya kurina asali enzi za baba. Unakumbuka alivyokuwa akitumegea sega kwa siri, mama asione, tukatafuna mpaka taya zinauma? Siku hizi natamani hata ule moshi wa mizinga uliotutoa machozi.

Kaka, mume wangu Clement aliugua malale. Alirudi kutoka kwenye mizinga na kidonda shingoni, alipoumwa na ndorobo, wale mbung'o wa porini. Ikaja homa, kikafuata kichwa. Sote tulidhani malaria, hadi mchana mmoja aliposinzia katikati ya kula, tonge bado mkononi. Mama alimtazama akasema, "Hivi hivi ndivyo baba yenu alivyoanza," akatoka nje.

Bahati walikuwapo watafiti wa serikali, wale wanaotundika vitambaa vya bluu porini kunasa ndorobo. Daktari wao, Magreth, mwenyeji wa Kinampanda, alimpima damu na maji ya uti wa mgongo, akatuambia ugonjwa umeshafika kichwani. Akaeleza kuwa kuna sindano ya zamani, na kuna vidonge vipya ambavyo bado vinafanyiwa utafiti. Tuchague wenyewe.

Mama alikataa vyote. Wewe ndiye uliyemshika baba miguu siku ile sindano ikimuunguza kama pilipili, akimuuliza nesi kama kweli duniani hakuna dawa nyingine. Tulimrudisha nyumbani kwenye sanduku. "Mmoja nilimpeleka akitembea kwa miguu yake," mama alisema. "Huyu simpeleki."

Clement mwenyewe alipozinduka ndiye aliyeamua. "Mama, nikilala tu hapa si nitakufa vilevile? Acha nimeze."

Akameza. Mama hakusema na daktari, ila uji wa uwele wa kumezea alikuwa akiupika yeye, hakuniachia. Taratibu usingizi wa mchana ukamwachia mgonjwa. Siku nilipomsikia akimkaripia mbuzi aliyeingia kwenye mtama, nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Kumbe mambo hayajaisha. Tukasikia fedha za utafiti huo, ambazo ni za serikali, huenda zikakatwa. Akaja mkubwa mmoja wa serikali, akaitisha mkutano, akasema bajeti imebana na wagonjwa wa malale ni wachache. Daktari Magreth akamjibu kwa adabu kwamba kampuni za dawa haziwatafuti maskini, maana si wateja. Tusipoitafuta dawa hii kwa kodi zetu wenyewe, hatuna wa kututafutia.

Hapo mama akasimama, kaka. Mama yetu, ambaye hata kanisani haongei. "Mwanangu, ni kweli ni wachache," akamwambia yule mkubwa. "Mimi mume nilikuwa naye mmoja." Akaketi. Yule bwana alikunja karatasi zake.

Jumatatu iliyopita tuliambiwa utafiti unaendelea mwaka mwingine. Wa baada ya hapo hatuujui. Sisemi ni maneno ya mama yaliyofanya hivyo, lakini Rungwa nzima inasema ndivyo.

Mama anakuomba uje mwezi wa nane. Tangu tumzike baba hajakanyaga kule kambini, wala hakutaka kutajiwa. Sasa ameniambia anataka kwenda, na anataka tumsindikize sisi wawili, Clement akitangulia njia.

Nisalimie wifi, Simoni na shangazi Dorkas. Mama anakubariki, anasema Mungu akufunike ulalapo na akuamshe salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,

Theodora