Zimwi Tulilolisoma Kinyumenyume

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa mtaani Huruma tu wazima, na natumai baridi ya huko Kanada haijakushinda. Mama yako amepona mguu, sasa anapanda ngazi akiimba.

Uliniuliza kwa nini sikuwahi kuogopa mazimwi. Ngoja nikwambie, maana leo pale sokoni Gikomba nimepiga kelele hadi watu wakageuka!

Nilipokuwa msichana mtaani Majengo, Mama Zuhura muuza njugu alikuwa akifungia njugu kwa kurasa za katuni za kutisha. Mimi na dada yangu tulinunua njugu kila siku ili tusome. Lakini Mama Zuhura alichana kitabu kuanzia nyuma! Siku ya kwanza tukaona zimwi likichomwa moto, watu wakishangilia. Siku zilizofuata likazidi kupungukiwa na meno na kucha. Tulipofika ukurasa wa kwanza, lilikuwa fundi cherehani aliyeketi peke yake, akingoja mtu amsalimie. Dada yangu alilia mpaka akasahau njugu zake.

Tangu hapo, nikikutana na mtu mkali najiuliza ukurasa wake wa kwanza ulikuwaje.

Sasa sikia! Leo, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, nimekuta sehemu ya pili ya katuni ile. Hatukujua kabisa kwamba ipo! Kwenye jalada zimwi limefufuka, lina meno mengi kuliko zamani. Muuzaji akaniambia, "Shosho, hiyo itakunyima usingizi." Nilicheka sana.

Nimeshaketi na chai na njugu zangu. Naanzia ukurasa wa mwisho, nikamtafute yule fundi.

Susu yako