Neno Nililolimeza Kizingo

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Ijumaa, baada ya Alasiri.

Kwa kaka yangu mpenzi Fuad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umelala vizuri kuliko juma lililopita, mfupa unaunga, na mama mdogo Ummukulthum hajakumaliza kwa supu. Huku nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu na anasema usijikune ndani ya bendeji kwa kijiti, maana anakujua. Baba naye anakusalimu, ila unazijua salamu zake: "Mwambie apumzike," basi. Mimi mwili mzima. Mengine utayasoma mbele.

Utashangaa kuona karatasi. Lakini kwa simu unanijua, ningesema "eh" na "haya", nawe ungeniuliza kama nimelala, tungeishia hapo. Kwanza nilianza kuiandika kwa Kiingereza, kama tunavyofunzwa shule, nikafika mstari wa nne nikaichana. Kuomba radhi kwa Kiingereza ni kwepesi mno, mtu huomba hata akikupiga kikumbo dukani. Nikaona bora lugha tunayogombana kwayo. Mama anakutumia mfuko wa nguo kesho kwa basi la Malindi, nami nimeitia barua humo, chini ya chupa ya achari. Yeye hajui.

Kwanza nikupe habari za Jumapili, maana najua ndizo unazozingojea. Tulitoka Ngomeni na baiskeli zetu saa kumi na mbili kamili, watu kumi na mmoja, mizunguko mitano kama kawaida: Kizingo, Mama Ngina, mpaka kule kwenye feri, Moi Avenue, kurudi Ngomeni. Bramwel alivuta mzunguko wa kwanza kama amefukuzwa na mbwa. Truphosa alipata pancha karibu na feri na hakuna aliyesimama, ati muuguzi atajitibu mwenyewe. Mimi niliachwa mzunguko wa tatu. Nilipofika, wenzangu walikuwa washamaliza kahawa, na Bramwel akaniuliza kama nilipitia sokoni, na kama ni hivyo viazi viko wapi.

Nikwambie kweli, kaka, mchezo huu unanichosha roho kuliko miguu. Unajikaza shubiri mbili nyuma ya gurudumu la mwenzio, umejificha upepo, unajiambia leo ndiyo leo. Halafu unateleza urefu wa mkono mmoja tu, upepo unakupiga kifuani, na wao hao wanakwenda. Hakuna anayegeuka. Kila Jumapili nasema sirudi, na kila Jumamosi najikuta natia mnyororo mafuta. Wewe ndiye uliyeniingiza. Ulimwambia Baba nitapanda mbele yako, utakuwa unaniona muda wote, naye akakubali kwa sharti hilo. Nilifurahi siku ile mpaka sikuweza kula. Sasa ningeulizwa, sijui ningejibu nini.

Lakini nina habari kubwa zaidi, nawe unazijua nusu. Kapteni Levi alikuja nyumbani Jumatatu baada ya kazi yake bandarini, bado na fulana ya kazi, akakaa barazani na Baba. Alisema timu ya watu wanne ya kwenda Malindi mwezi ujao imebaki na pengo lako, na kwamba amefikiria sana, na anataka nilijaze mimi. Akasema si haraka yangu anayoitaka, kwani haraka sina, ila mimi ni mtulivu, siyumbi, na katika mstari mtulivu ni dhahabu. Baba akasema atalitazama. Baadaye nikasikia umempigia simu mwenyewe, umembembeleza robo saa, umemwambia utasimama pale Malindi kwenye mwisho wa mbio na mkono wako shingoni kunishangilia. Baba akatoka chumbani akaniambia, "Haya, nenda. Kwa ajili ya kakako." Mama akapiga kigelegele. Nikaingia msalani nikafungulia maji ili wasinisikie nikilia, na wote wakadhani ni furaha.

Kaka, unakumbuka kanuni yetu ya kupokeza. Anayeona shimo mbele hupiga kelele na kuonyesha kwa mkono, na kila mtu hulipokeza neno kwa aliye nyuma yake mpaka limfikie wa mwisho, kwa sababu wa nyuma haoni chochote ila mgongo wa mwenzake. Levi husema jicho la wa mbele ndilo jicho la wa nyuma. Asiyepokeza hapandi tena na mstari. Mwaka jana tulimwona Hussam akirudishwa kwao Bondeni kwa tuta moja tu, na hata mtu hakuanguka.

Na unakumbuka ile Jumapili ya Mbaraki, wiki mbili kabla hujaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa mbele kwa mara ya kwanza. Niliona shimo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Bramwel akauliza jamani, nani kamkanyaga paka. Wakacheka wote. Hilo ningelivumilia, Bramwel ni Bramwel. Lakini wewe ulicheka kuwashinda, kisha ukawaambia kwamba nyumbani nikimwita Mama kula, huja jirani kuuliza kama kuna mlango unahitaji mafuta. Ukawapa la nyumbani, Fuad. Kuanzia siku hiyo kila nikifungua mdomo, kuna mtu nyuma anatoa sauti ya mlango. Wewe ulilisahau kabla kahawa haijapoa. Mimi nililala nalo siku kumi na nne.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Siku ile Kizingo, mzunguko wa pili, Truphosa alikuwa mbele yangu na wewe nyuma yangu. Ulikuwa unanisukuma kwa maneno. Ulisema, "Vuta, mama, vuta! Unanizibia njia. Ama tukutafutie tuktuk?" Watu wakacheka. Nilikuwa navuta, wallahi, nilikuwa naona nyota. Pale penye ukuta mrefu wa bogenvilia, Truphosa akanyoosha mkono wa kushoto akapiga kelele, "Shimo kushoto!" Ni lile la mtaro, ambalo watu wameiba kifuniko chake cha chuma. Nililisikia. Nililiona. Nikasogea kulia.

Na neno nikalimeza.

Usije ukajiambia nilichelewa, au nilisema ukakosa kusikia. Nilikuwa nalo mdomoni. Palikuwa na nafasi ya kulisema, hata mara mbili. Nikafikiria sauti ya mlango. Nikafikiria, mwache na yeye ashtuke kidogo. Kushtuka tu, kaka, hilo ndilo nililotaka. Nilitaka uyumbe, uone haya mbele yao kama mimi. Kisha nikasikia chuma, na wewe ukilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo.

Unayajua yaliyofuata, ila hili hulijui. Ulipokuwa unapigwa picha ya mfupa, Levi alituuliza mmoja mmoja pale ukumbini hospitalini. Truphosa akasema alipokeza, na mkono alinyoosha. Levi akanigeukia, akauliza kwa upole, "Na wewe, Alawiya, ulipokeza?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema uongo hata kwa mdomo, nilisema kwa kichwa, kama mbuzi. Na Bramwel, yeye yuleyule, akanitetea. Akasema huyu mtoto hata akipokeza nani atamsikia, sauti yenyewe ya kuazima. Truphosa akanikumbatia. Kesi ikaisha hapo. Ile sauti waliyonichekea ndiyo ikawa wakili wangu.

Kisha tukaruhusiwa kuingia, nawe ukiwa umelala pale na damu imekukauka sikioni, ukanishika mkono ukaniomba msamaha. Ukasema ulikuwa unatazama saa yako kuona kasi, kwamba ulinikaribia mno, kwamba umeniharibia Jumapili yangu. Nikasema "haya." Nimekuwa nikilisikia hilo "haya" langu kila ninapotia tonge mdomoni.

Nina hasira, kaka, na sijui niiweke wapi. Nina hasira nao kwa kutogeuka nyuma, na kwa mizaha yao. Nina hasira nawe, bado, nisikufiche. Lakini nikikusanya yote, hayafiki kwenye ule mfupa wako.

Jana baada ya shule nilikwenda Kizingo kwa miguu. Shimo bado liko, mtu ametia tawi la mwarobaini ndani yake ili madereva waone. Nikasimama hapo nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Nikasema, "Shimo kushoto." Haikutoka vizuri. Nikarudia. Mara ya tatu nikalipiga kelele hasa. Lango la nyumba yenye ule ukuta wa bogenvilia likafunguka, akatoka mlinzi mbio, rungu mkononi na kiatu kimoja mguuni, akaniuliza, "Nani ameanguka?"

Nikamwambia, kaka yangu.

Akatazama barabara nzima, akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia yuko Malindi. Akanitazama kama mtu asiye na akili timamu, akarudi ndani. Basi ndivyo nilivyojua kwamba sauti yangu hupita ukuta ule na kufika mpaka ndani ya kibanda cha mlinzi. Wewe ulikuwa shubiri mbili.

Jumapili hii nitafika Ngomeni kabla ya saa kumi na mbili. Levi huwa anatuuliza kama kila mtu yuko tayari, na sisi huitikia pamoja. Kabla hajauliza nitawaambia wote, Bramwel akiwemo. Najua kanuni, na najua nitarudi nyumbani nikiisukuma baiskeli. Baba nitamwambia mwenyewe siku hiyohiyo. Ila nimeona si haki wao walijue kabla yako, kwa kuwa mfupa ni wako.

Ile fulana ya timu yenye nambari yako, aliyoniletea Levi, nimeikunja, nimeiweka humu pamoja na nguo zako. Sijaivaa hata kuijaribu. Mama akikuuliza kwa simu kwa nini imekuja huko, mwambie aniulize mimi.

Sikuombi unisamehe upesi, wala usinijibu kwa mzaha, nakuomba sana, hata ukija mzuri. Ukitaka kunigombeza, nipigie. Safari hii sitasema "haya."

Msalimie sana mama mdogo Ummukulthum na wote walioko hapo, na umwambie achari ni ya ndimu, aile kwanza kabla hujaimaliza. Mwenyezi Mungu akuponye, akurudishie mkono wako kama ulivyokuwa.

Ni mimi dadako, niliyekuwa mbele yako,

Alawiya