Alichoambiwa Masanja

Kirumba, Jumanne, Machi 1995

Kwa nini daktari alimwita mume wangu peke yake, wakati ugonjwa ni wangu? Tangu siku ile Masanja ananibembeleza mno. Analeta sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, anateka maji mwenyewe. Nikadhani nakufa.

Leo nilirudi hospitali bila kumwambia. Nikamwuliza daktari, nitapona?

"Matumaini ni makubwa, mama. Kansa ya kizazi tumeiwahi. Lakini tiba ya mionzi utakayopata Dar itaharibu mayai yako, hutashika mimba. Mumeo hakukwambia? Alisema atakueleza mwenyewe."

Hakunieleza. Tangu tuoane hatujapata hata mtoto mmoja, na mama yake haachi kumwuliza mjukuu yuko wapi...

Jioni tulipokuwa tunakula nikamwambia, "Masanja, najua."

Akaweka tonge chini. Hakuniuliza najua nini.

"Niliogopa utakataa tiba," akasema.

Labda ni kweli. Lakini jana wifi alinishika mkono akasema, "Pole, mtoaji wa watoto ni Mungu," nami sikumwelewa. Kumbe kwao wote wameshajua.

Nitakwenda Dar, maana nataka kuishi. Dada yangu atanisindikiza. Masanja nimemwambia abaki, akamalize mazungumzo aliyoyaanza na mama yake bila mimi.